Kumfuata bibi wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria: njia niliyoipita mimi

Mume wangu ni mzaliwa wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwa upande wangu, watoto wetu walikaririshwa nasaba na marehemu baba yangu, jina baada ya jina, wanaume kwa wanawake. Kwa upande wa baba yao walijua wanaume peke yao: huyu alichana sufu, yule alipigana vita ya kwanza, na kila mmoja alikuwa na mke. Mke gani, binti wa nani, aliishi wapi, hakuna aliyeweza kuwaambia. Jambo hilo lilinikera, kwa sababu damu ya wanawake hao imo ndani ya watoto niliowazaa mimi.

Nilimchagua mmoja, mama yake bibi yake mume wangu. Wanangu ni vilembwe wake. Alizaliwa mwaka 1866, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, hakuacha barua wala picha, na siku ya ndoa yake alitia alama ya msalaba mahali pa saini. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia. Hapa nitamwita Bibi. Ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mume, mke au watoto wa damu ya Kiingereza, au mwenye damu hiyo yeye mwenyewe, anayetaka kumpata mwanamke wa kawaida wa wakati ule. Inawezekana, tena kwa fedha kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, jina la kwao

Kwetu pwani mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa. Fatuma binti Ali ataolewa, ataachika, ataolewa tena, na bado ni Fatuma binti Ali mpaka kaburini. Kwa Waingereza wa zama zile mwanamke alichukua jina la ukoo la mumewe siku ileile ya harusi, na akiolewa mara tatu amebadili jina mara tatu. Ukimtafuta kwa jina moja utampata kwenye kipande kimoja cha maisha yake, kisha atapotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni kulijua jina alilozaliwa nalo.

Cheti chake cha kifo hakitakusaidia. Cheti cha England cha wakati huo hakitaji wazazi wa marehemu, na kwenye safu ya kazi mwanamke aliyeolewa huandikwa tu kwamba ni mke au mjane wa fulani, na kazi ya huyo fulani. Cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao. Mama hawamo. Majina ya mama yameanza kuandikwa kwenye usajili wa ndoa wa England na Wales mwezi Mei 2021, hebu fikiria.

Jina unalolitaka limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake yeyote. Safu ya mama huandikwa jina lake la ndoa, halafu jina la kwao. Kama aliwahi kuolewa na mtu mwingine kabla ya baba wa mtoto, mara nyingi na jina la ile ndoa ya mwanzo limo. Karatasi hiyo moja inakufungulia mambo mengi. Mtoto si lazima awe yule unayetokana naye. Wa kwanza, wa mwisho, aliyekufa mchanga, wote mama yao ni mmoja.

Kabla ya karatasi, lakini, kaa na wazee wa familia. Usiwaulize "mnakumbuka nini", watakwambia hawakumbuki. Uliza swali dogo: bibi alikuwa anakwenda kanisa gani, alizikwa wapi, nani alikuja kwenye mazishi, kwa nini yule mjomba aliitwa kwa jina lile la kati. Shangazi yake mume wangu alisema hajui lolote, kisha nilipomuuliza kuhusu kanisa akasema Bibi alikuwa Mkatoliki, "kwa ajili ya mama yake." Neno hilo lilinisaidia sana baadaye, kama utakavyoona.

Watoto wake, na hasa waliokufa

Usajili wa kiraia wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837, siku chache baada ya Victoria kurithi kiti tarehe 20 Juni. Mwanzoni watu wengine hawakuandikisha watoto, na adhabu ya kweli ilianza mwaka 1875, lakini kwa sehemu kubwa ya zama zake mtoto aliyezaliwa ameandikwa mahali. Ofisi kuu ya usajili, inayojulikana kama GRO, ina faharasa kwenye tovuti yake. Unajiandikisha bure na kutafuta bure. Na faharasa hiyo ina jambo moja lenye thamani kubwa kwetu tunaotafuta wanawake: imeandika jina la kwao mama kwa vizazi tangu 1837. Faharasa za zamani, zile zilizonakiliwa kwenye tovuti nyingine, zina jina hilo kuanzia robo ya tatu ya mwaka 1911 tu.

Sasa fanya hivi. Weka jina la ukoo la mume, weka jina la kwao mama, chagua jinsia ya mtoto (mfumo unalazimisha uchague, kwa hiyo tafuta wavulana, kisha rudia kwa wasichana), weka mwaka na ruhusu miaka 2 mbele na nyuma. Sogeza mwaka taratibu kuanzia ndoa mpaka mama alipofika umri wa miaka 45 au zaidi kidogo. Andika kila mtoto unayemwona katika wilaya ileile: robo ya mwaka, juzuu, ukurasa. Kisha nenda upande wa vifo na umtafute kila mmoja wao. Ukiona jina la mtoto limerudiwa, mathalani Mary wawili ndani ya miaka michache, karibu kila mara yule wa kwanza amefariki.

Angalia jambo hili kwenye vifo: umri ulioandikwa kwenye faharasa si wa kutegemea kwa watoto wachanga. Mtoto wa miezi 8 au wiki 8 huweza kuonekana ni wa miaka 8, kwa sababu aliyenakili alichukua tarakimu akaacha kipimo. Mtafute kwa umri wa sifuri, kisha tafuta tena kwa umri mwingine.

Utajuaje kama umewapata wote? Hapa sensa ya tarehe 2 Aprili 1911 ni msaada mkubwa. Victoria alikuwa ameshafariki, lakini wanawake waliozaa katika zama zake waliulizwa usiku ule: ndoa yenu ina miaka mingapi, mmezaa watoto wangapi walio hai, wangapi wako hai leo, wangapi wamekufa. Wajane hawakutakiwa kujibu, ila wengi walijibu, na karani akapitisha mstari juu ya majibu yao. Mstari hauzuii kusoma. Ya Bibi ilisema miaka 24 ya ndoa, watoto 8, hai 5, waliokufa 3. Nilikuwa na majina ya watano kutoka kwa wazee. Watatu hakuna aliyewahi kuwataja, hata bibi yake mume wangu ambaye walikuwa ndugu zake wa tumbo moja.

Hao watatu ndio walionipa maisha ya Bibi. Watu wengi wanaotafuta ukoo hununua cheti cha yule tu wanayetokana naye, ili kupanda juu haraka kwa wazazi wake, kisha wazazi wa wazazi. Utafika mbali kwa njia hiyo, ila hutamjua mtu. Kila mtoto, aliye hai na aliyekufa, ana karatasi yenye tarehe na anwani, na mama alikuwa mahali hapo siku ile.

Nichukue karatasi moja. Binti yake wa pili katika ndoa alizaliwa Januari 1889, akafa Agosti mwaka huohuo, miezi 7. Sababu ya kifo: kuhara, siku 5, kisha degedege. Mama yangu alikuwa mkunga kijijini, na sikuhitaji kamusi kuelewa mstari huo. Miji ya viwanda ya Uingereza ilipoteza watoto wengi kwa kuhara kila kiangazi, maziwa yakiharibika na vyoo vikiwa vya pamoja. Kazi ya baba: mchanaji sufu. Anayetoa taarifa: mama, alikuwepo wakati wa kifo. Halafu ule msalaba, na pembeni yake msajili ameandika kwamba ni alama yake. Tarehe ya kuandikisha ni kesho yake. Maana yake ni kwamba siku moja baada ya mtoto kufariki, Bibi, mwenye miaka 23, alitoka nyumbani akaenda mbele ya karani, akatamka jina, umri na ugonjwa, akashika kalamu. Hakuna kitabu kitakachokupa jambo hilo. Na anwani si ile ya Januari. Walikuwa wamehama katikati.

Kwa kuziweka anwani za vyeti vyote kwenye mstari mmoja nilipata nyumba alizopanga kwa zaidi ya miaka 15, zote ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu. Kisha nikafungua ramani za zamani kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambayo licha ya jina lake ina ramani za England pia, kubwa na za bure. Nyumba kadhaa zilikuwa zile zilizojengwa mgongo kwa mgongo: ukuta wa nyuma ni wa jirani, hakuna dirisha wala mlango wa nyuma. Ramani inaonyesha kiwanda, kanisa, shule na vyoo vya uani.

Gharama: kwa vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita na kwa vifo vya zamani zaidi, GRO inauza picha ya maandishi yenyewe kwa pauni chache, na inafika kwenye akaunti yako mara moja. Mahali ambapo picha haipo, utaagiza cheti cha karatasi, na hicho ni ghali zaidi. Anza na picha. Usinunue cheti kutoka tovuti ya mtu wa kati anayekutoza zaidi kwa kitu kilekile.

Mtoto wa kabla ya ndoa

Jambo hili liandikwe wazi, kwa sababu familia nyingi hulificha na watafutaji wengi hulipita. Kwenye faharasa ya GRO, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mara nyingi huandikwa kwa jina la ukoo la mama, na nafasi ya jina la kwao mama ina kistari kitupu. Kwa hiyo baada ya kulijua jina la kwao, tafuta watoto wenye jina hilo, wenye kistari, katika wilaya alikoishi, kuanzia alipokuwa na miaka 16 mpaka ndoa.

Bibi alizaa mtoto wa kiume mwaka 1885, miaka 2 kabla ya kuolewa. Kwenye sensa ya 1891 mtoto huyo yumo nyumbani akitumia jina la baba wa kambo kama vile ni wake. Cheti chake kina safu ya baba tupu. Tangu 1875 sheria haikumruhusu msajili kuandika baba wa mtoto wa nje ya ndoa isipokuwa mwanamume mwenyewe aje, akubali na atie saini. Lakini hiki ndicho cheti pekee cha kuzaliwa kinachotaja kazi ya Bibi, msokotaji wa nyuzi za sufu. Alipokuwa na mume, kazi iliyoandikwa ni ya mume. Alipokuwa peke yake, karani alilazimika kuuliza ya kwake.

Mtoto alipewa jina la kati ambalo ni jina la ukoo, na halipo upande wowote wa familia. Wanawake wengi wasioolewa walifanya hivyo: sheria ikikataa kumtaja baba, jina lake linaingia kwa mlango huo. Kwenye sensa ya 1881 kuna kijana mwenye jina hilo, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwao Bibi. Hiyo ni fununu, na nimeiandika kama fununu. Sheria ya 1844 ilimruhusu mama kumshitaki baba wa mtoto mbele ya mahakimu ili atoe matunzo, na pale daftari za mahakama hizo ndogo zilipohifadhiwa, ziko kwenye hifadhi za nyaraka za mikoa. Kipimo cha DNA cha mzee aliye hai wa ukoo wa mtoto huyo nacho kinaweza kumaliza shaka, kama ukoo umeridhia. Omba ridhaa kwanza. Wapo watu ambao habari hii itawaumiza hata leo.

Utakutana na maneno makali kuhusu watoto hawa na mama zao katika daftari za parokia na za kamati za maskini. Usiyarudie unapoandika. Andika kwamba alizaa kabla ya ndoa, basi.

Kusoma sensa

Sensa zenye manufaa ni za 1841, 1851, 1861, 1871, 1881, 1891 na 1901. Ya 1841 ni dhaifu: umri wa watu wazima kwa kawaida umeshushwa kwenye tano iliyo karibu, na hakuna uhusiano wa watu wa nyumba moja. Kuanzia 1851 kuna uhusiano na mkuu wa nyumba, hali ya ndoa, umri na parokia ya kuzaliwa. Tovuti ya FamilySearch ni bure popote ulipo duniani na ina sensa ya 1881 iliyonakiliwa yote. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, lakini maktaba nyingi za umma Uingereza zinakuruhusu mojawapo bure ukiwa ndani ya jengo. Mimi hufanya hivyo. Kwa ndoa, tovuti ya FreeBMD ni bure na imejengwa na watu wa kujitolea. Ikikuonyesha majina yaliyo kwenye ukurasa mmoja wa daftari, utaweza kumpata mume.

Asipoonekana, acha jina la ukoo. Karani aliandika alichosikia, na lafudhi ya Kiayalandi kwenye sikio la mtu wa Yorkshire, mkoa ulimo Bradford, ilizaa maajabu. Tafuta kwa jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Au mtafute mdogo wake mwenye jina adimu, naye utamkuta pembeni.

Ukiona nafasi ya kazi ya mke ni tupu, usiamini kwamba hakufanya kazi. Makarani wengi hawakuhesabu kufua nguo za watu, kushona, kulea mtoto wa jirani aliyeko zamu, au kupangisha. Angalia kama kuna wapangaji ndani ya nyumba. Mpangaji mmoja maana yake ni kitanda cha kutandika, chakula cha kupika, nguo za kufua, na fedha iliyopita mikononi mwa mama. Nyumba ya kwao Bibi mwaka 1881: mama yake, mjane wa miaka 44, mzaliwa wa Ireland, kibarua wa usafi, Bibi, miaka 15, msokotaji, kaka mdogo wa miaka 12, nusu siku shule nusu siku kiwandani, na wapangaji wawili wanaume. Sensa ya 1871 ilikuwa na baba, kwa hiyo kifo chake kiko ndani ya miaka 10 hiyo, na hapo ndipo pa kutafuta.

Ile nusu siku ilikuwa sheria. Kwa sheria ya 1874 mtoto wa kiwanda cha nguo alianza akiwa na miaka 10, nusu siku kazini na nusu darasani. Bibi alifika miaka 10 mwaka 1876. Daftari za shule, zile walimu wakuu walizoandika mambo ya kila siku, zimebaki nyingi kwenye hifadhi za nyaraka. Hata kama mtoto wako hatajwi, utasoma kwamba wiki hiyo shule ilifungwa kwa surua.

Soma pia ukurasa wa mbele na wa nyuma. Dada wa Bibi alikuwa amepanga mtaa uleule kwa jina la ndoa nisilolijua, na nilimtambua kwa kuwa ndiye shahidi kwenye ndoa ya Bibi. Mashahidi wa ndoa wafuate kama unavyowafuata ndugu.

Halafu linganisha tarehe za sensa na mambo ya mji. Wafanyakazi wa Manningham Mills, kiwanda kikubwa cha hariri cha Samuel Lister hapo Bradford, wengi wao wanawake na wasichana, waligoma tangu Desemba 1890 mpaka mwisho wa Aprili 1891 kwa sababu ya kukatwa mishahara. Usiku wa sensa ulikuwa 5 Aprili 1891, mgomo ukiendelea. Bibi alikuwa akiishi umbali wa dakika chache kutoka langoni. Watoto wangu walitaka niandike kwamba mama yao mkuu aligoma. Nimekataa, kwa kuwa hakuna karatasi inayosema hivyo, na kazi yake kwenye sensa hiyo ni nafasi tupu. Nimeandika kwamba mgomo ulipita mlangoni kwake, na kwamba majirani zake wamo. Hilo lina ushahidi, na kwa kweli ni kubwa vya kutosha.

Umaskini, ugonjwa, magazeti

Mwaka 1834 Uingereza ilibadili sheria ya maskini, na wilaya zikajenga majengo makubwa ya kuwaweka wasiojiweza, yaliyoitwa workhouse. Wazee wajane waliishia humo mara nyingi kwa sababu pensheni ya serikali ilianza Januari 1909 tu, tena kwa waliotimiza miaka 70. Mama yake Bibi yumo kwenye jengo hilo katika sensa ya 1901. Daftari za kuingia na kutoka zinaonyesha tarehe na alikotoka mtu. Ziko pia daftari za dini, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1860, na hizi zipekue kwa makini, kwani mara nyingi zimeandika ndugu wa karibu na anwani yake. Kwa Bradford na vitongoji vyake, nyaraka ziko kwenye hifadhi ya West Yorkshire; kwa kwingine ulizia ofisi ya nyaraka ya mkoa husika, maana Kew, kwenye hifadhi kuu ya taifa, hukuti daftari nyingi za mtu mmoja mmoja.

Hospitali za magonjwa ya akili zilikuwa na vitabu vya wagonjwa, baadhi vikiwa na picha. Wanawake wengine walipelekwa huko baada ya kujifungua. Kwa kawaida rekodi za wagonjwa hufungwa kwa miaka 100. Kama wako alipita huko, soma ukiwa na mtu.

Wasia: mpaka sheria ya mali ya wanawake ya 1882 ilipoanza kazi Januari 1883, mke kwa kawaida hakuweza kuandika wasia bila idhini ya mume, kwa hiyo watafute wajane na wasioolewa. Faharasa ya mirathi ya taifa inaanza 1858. Mjane aliyekuwa na duka huenda yumo pia kwenye orodha za biashara za mji, ambazo Chuo Kikuu cha Leicester kimeziweka mtandaoni bure.

Magazeti ya zamani yapo kwenye tovuti ya British Newspaper Archive. Usitafute jina lake tu, tafuta jina la mtaa, na jina la mume. Uchunguzi wa vifo vya ghafla uliandikwa sana magazetini, na mara nyingi ndipo mahali pekee utakaposoma maneno ya mwanamke wa kawaida aliyesimama kutoa ushahidi.

Na kama ndoa yake haionekani popote, fikiria kwamba haikuwepo. Talaka ya mahakamani ilianza 1858, lakini gharama zake hazikuwa za watu wa viwandani. Walioachana waliishi na wengine wakijiita mume na mke. Tafuta kama mmoja wao alikuwa na mwenzi aliye hai.

Kumwandika, na kwenda mbele

Andika mwaka, umri wake mwaka huo, jambo, na karatasi inayothibitisha. Safu ya umri usiiache. "1889, miaka 23, afiwa na binti" ni tofauti kabisa na "1889, afiwa na binti." Penye dhana weka neno "huenda" na uliache hapo.

Akiwa aliishi mpaka karne ya 20, mwangalie kwenye daftari la wapiga kura la 1918, mwaka ambao wanawake wengi wa zaidi ya miaka 30 waliingia kwa mara ya kwanza, na kwenye sensa ya 19 Juni 1921, inayotaja mwajiri kwa jina.

Ukifika Scotland, kazi itakuwa nyepesi: usajili ulianza 1855, na cheti cha kifo huko kinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la kwao mama. Tovuti yao ni ScotlandsPeople. Ireland ni ngumu zaidi, kwa kuwa sensa zao za karne ya 19 karibu zote zimepotea, nyingine ziliharibiwa na serikali yenyewe na nyingine zikaungua Dublin mwaka 1922. Za mwanzo zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, bure mtandaoni. Usajili wa kiraia kwa wote ulianza huko 1864. Mama yake Bibi alizaliwa kama mwaka 1837, na sensa zote za Bradford zimeandika "Ireland" tu, bila kijiji. Ndipo neno la shangazi kuhusu Ukatoliki linapofanya kazi: mapadri waliandika ubatizo na ndoa kwa daftari zao, na wengine walitaja parokia alikotoka mtu. Daftari za parokia za Kikatoliki za Ireland zimepigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Ireland na kuwekwa wazi bila malipo. Nimeanza na ndoa yake hapa Bradford, miaka ya 1850 mwishoni, kwenye daftari la kanisa lililoandikwa kwa Kilatini, na sasa nasoma majina ya mashahidi.